Mdogo wangu seremala, nywele za puani usizinyofoe

Juzi kijana mmoja kanitumia meseji, "Shikamoo fundi, naanza kazi Keko wiki ijayo, hivi vumbi mtu unalizoea?" Nimeisoma mara tatu. Hilo swali nilimuuliza bosi wangu wa kwanza, akacheka mbele ya mafundi wote, eti mwanaume gani anaogopa vumbi. Kicheko kile bado kinaniuma.

Nilikuwa mtu wa kupiga msasa. Jioni nikipenga kamasi inatoka ya kahawia, nikaona pua imechafuka, basi nikawa nanyofoa zile nywele ili hewa ipite vizuri, pua ikiziba nahemea mdomo kutwa nzima. Mwaka wa pili kifua kikabana, nikalala nyumbani wiki 3 bila hata mia.

Daktari ndo kanielewesha. Kumbe zile nywele ni chekeche la kwanza, zinashika punje kubwa, halafu kule ndani njia ina mikunjo, hewa ikikata kona vumbi linagonga ukutani linanasa kwenye ute, na kuna vinyweleo vidogo mno huvioni kwa macho vinausukuma ule ute kwenda kooni, kama milimita 6 kwa dakika, unameza bila kujua na asidi ya tumbo inamalizia. Hewa nayo inapashwa joto na kupewa unyevu kabla ya kufika mapafuni. Mdomo hauyawezi hayo kama pua! Ile kamasi niliyoionea aibu ilikuwa pua inanipigania.

Ila pua nayo ina mwisho wake. Punje za kuzidi mikroni 10 (mikroni ni milimita moja ukiigawa mara elfu) nyingi zinaishia hapo, ila unga laini wa msasa, hasa wa MDF, zile mbao za unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, unapenya mpaka chini mapafuni. Na linalobaki puani si salama, toka 1995 taasisi ya utafiti wa saratani ya WHO, Shirika la Afya Duniani, imeliweka vumbi la mbao kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu, saratani ya pua ikiwemo.

Leo nina karakana yangu na vijana 5, hawashi mtu mashine bila barakoa ya N95, ile ya kuchuja vumbi laini, sio kitambaa, na hatufagii kabla ya kunyunyiza maji. Barakoa nanunua mimi.

Mdogo wangu, hemea pua, vaa barakoa, nywele usinyofoe. Nyie wote mnaoota karakana zenu, mtazisimamia na kifua kipi? Wakikucheka vaa hivyohivyo, nasema tena usinyofoe. Na kama hela ya barakoa ya wiki ya kwanza huna, pita kwangu asubuhi kabla hujaripoti kazini.