Vifaranga 60 vya perege na pupa yangu

Juzi kijana mmoja wa Morogoro ameniandikia: "Dada, samaki nimeweka Jumamosi, Jumatano wanaelea. Nimekosea wapi?" Nikacheka, halafu nikanyamaza. Huyo ni mimi mtupu wa miaka mitatu iliyopita.

Nilianza na mboga za kwenye mabomba tu, bila udongo. PVC za inchi nne, nimezitoboa mwenyewe uani kwangu Kimara, pampu ndogo ndani ya ndoo, mbolea ya kuyeyusha. Saladi ilikubali mpaka nikawa nawauzia wenye vibanda vya chipsi. Sijisifu, ila mtaa mzima ulikuja kuchungulia. Kichwa kikavimba. Nikajisemea, mbolea naitolea pesa na samaki ananya bure, si niunganishe tangi la samaki na mboga, maji yao yailishe mimea?

Nikaleta tangi la lita 1000. Asubuhi nimejaza maji ya bomba, jioni vifaranga 60 vya perege vimo ndani. Siku ya tano nikawakuta wanatweta juu ya maji. Siku ya nane wamebaki watatu. Nikawafukia wenzao chini ya mpapai, na jirani akaropoka mbele ya wageni wangu: "Wenzio wananunua samaki sokoni Feri, wewe unafuga maiti." Tunasalimiana, lakini sijasahau.

Kilichowaua nilikijua baadaye. Samaki hutoa amonia, nayo ni sumu. Wapo bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, na wengine wanaoigeuza hiyo kuwa nitrati, chakula cha mmea. Kuwakuza bakteria hao kwenye kokoto maji yanamopita huchukua kama wiki 4 hadi 6. Mimi sikuwapa hata siku moja, tena nikawamwagia klorini ya bomba, dawa ya kuua vijidudu.

Kwa hiyo mdogo wangu, subiri. Jaza maji, yaache wazi siku mbili klorini ipotee, washa pampu, tupia chakula cha samaki kidogo kioze humo kitoe amonia ya kulisha bakteria, kisha subiri. Nunua karatasi za kupimia maji. Nitrati ikionekana, amonia na nitriti zikashuka hadi sifuri, ndipo uingize samaki, tena wachache. Mara ya pili niliweka 15.

Na kokoto uziangalie. Zangu za kwanza zilikuwa za matumbawe, zikapandisha pH, yaani maji yakapungua uasidi, mmea ukashindwa kufyonza chuma, mchicha ukatoa majani machanga ya njano kwa kukosa madini ya chuma. Kamulia ndimu: jiwe likitoa povu, mrudishie muuzaji.

Tatizo letu tunatazama video ya dakika tatu, jamaa anavua samaki huku mkewe anachuma sukuma wiki, tunakimbilia dukani. Zile wiki sita za kukodolea macho tangi lisilo na samaki hakuzionyesha. Nani angezitazama? Kila mtu anataka mavuno, na mimi nilikuwa wa kwanza kwenye foleni, basi nisikilize ninapokwambia usubiri.

Siku hizi nafuga kambale. Umeme ukikatika, perege hulemewa haraka, lakini kambale anapanda juu kuvuta hewa yake, nami nalala. Jumapili nimevua wa kwanza, wameshiba mikono miwili. Jioni yule jirani akamtuma mtoto na bakuli kuuliza kama nauza.

Nimemtajia bei ya Feri.