Mdogo wake naye achanjwe?

Pole sana, dada. Umeuliza kama ipo chanjo ya kumkinga mdogo mtu na kisukari, maadamu kaka yake ameanza insulini. Bado haipo. Anayekuuzia "chanjo ya kisukari" anataka pesa zako tu.

Kisukari cha aina ya kwanza huja pale kinga ya mwili inapozigeukia seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Watafiti wanatafuta namna ya kuituliza kinga hiyo bila kuizima yote, na hapo ndipo penye ugumu. Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha teplizumabu, dripu ya siku 14 mfululizo. Si chanjo, huchelewesha ugonjwa takriban miaka 2 kwa wale ambao damu yao imeshaonyesha dalili za awali. Bei yake tusiitaje. BCG, ile chanjo ya kifua kikuu, nayo inajaribiwa Boston, Marekani, lakini kwa watu ambao tayari wana kisukari, hivyo kovu la mkononi mwa mwanao lisikupe matumaini.

Kati ya ndugu 100 wa wagonjwa, huugua kama 5 hivi. Ila mdogo mtu akianza kunywa maji kupita kiasi, kukonda, au kurudia kukojoa kitandani, mpeleke apimwe sukari siku hiyohiyo, hata wakikuambia ni malaria.