Sado ya dagaa na neema ya Mungu

SWALI: Shikamoo Mchungaji. Nauza dagaa soko la samaki hapa Bagamoyo. Sado yangu, yaani kopo la kupimia, kitako nilikipasha moto nikakibonyeza, kikaingia ndani, hivyo kila mteja anapungukiwa kiganja kizima. Wengi sokoni tunafanya hivyo. Juzi kwenye jumuiya mama mmoja akaniambia nitachomwa moto. Mwingine akadakia kwamba tunaokolewa kwa neema, siyo kwa sado. Nishike la nani?
Mama Dagaa, Bagamoyo

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usishike la yeyote. Huyo wa pili anategemea Waefeso 2:8-9, na hapo hajakosea, ila kafunga Biblia mapema. Aya ya 10 inasema tuliumbwa katika Kristo Yesu “tutende matendo mema”.

Nenda kwa Zakayo, Luka 19. Naye alikuwa mpunjaji, tena mkubwa wa watoza ushuru pale Yeriko. Yesu alimwita ashuke mkuyuni na akajialika nyumbani kwake kabla hajarudisha hata senti moja. Hakumtajia moto. Watu wakanung'unika, kama kawaida yetu. Ndipo Zakayo akasimama mwenyewe: nusu ya mali kwa maskini, na aliowadhulumu anawarudishia mara nne. Sasa fungua Hesabu 5:7. Aliyekiri kosa la namna hiyo alitakiwa arudishe alichochukua na kuongeza sehemu ya tano, basi. Zakayo kapitiliza mbali. Angekuwa anaogopa tu, angelipa kile kiasi cha sheria na kuomba risiti.

Hapa kwetu wahubiri hupenda kufananisha utii wetu kwa Mungu na shukrani ya watumwa walionunuliwa wakaachwa huru na misheni ya Kikatoliki iliyoanza hapa Bagamoyo 1868. Mfano huo mimi siupendi sana, maana wengi wao walibaki wakilima mashamba ya misheni ileile. Mungu hakutukomboa kwa sababu alikuwa na upungufu wa vibarua.

Tuje kwenye sado. Itoboe, usimgawie jirani wala usiifiche uvunguni “kwa dharura”. Wateja wa kupita huwapati tena, lakini mama lishe wanaochukua kwako kila siku unawajua kwa majina. Waambie ukweli, kisha uwaongezee mpaka nyongeza ipite kile kiganja. Watakaokusema watakuwepo. Na kama kwa sado nzima hupati faida, pandisha bei mteja akiona.