Maswali Yenu: Nani Anachungulia Pochi Yako ya Kripto?

Tangu niandike kuhusu kutunza maneno ya siri ya pochi, yaani programu au kifaa cha kutunzia sarafu za kidijitali, barua zenu zimehama kutoka kwa wezi kwenda kwa wachunguliaji: nani anaona ninacholipa, na anaona mpaka wapi. Nimechagua sita. Zilizoomba nibashiri bei nimeziacha zilipo.

Nilinunua Bitcoin kwa kuambiwa kwamba haina jina la mtu. Sasa kijana wangu anasema kila mtu anaona. Nani mkweli?

Wote wawili, ila kijana wako ameukaribia ukweli zaidi. Daftari la Bitcoin halina jina lako. Lina anwani tu, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu. Lakini daftari lenyewe liko wazi kwa yeyote mwenye intaneti, na kila muamala tangu Januari 2009 umo humo. Zile bitcoin 10,000 zilizotolewa Mei 2010 kwa pizza mbili, ukitaka unaziona leo hii.

Kwa hiyo unachokitumia ni lakabu. Siku mtu akijua kuwa lakabu hiyo ni yako, hajui malipo ya leo peke yake, anajua na ya mwaka juzi. Mwaka 2016 Bitfinex, soko la mtandaoni la kununulia na kuuzia kripto, liliibiwa bitcoin zinazokaribia 120,000. Sehemu yake ilizungushwa kwenye akaunti chungu nzima ili kupoteza nyayo, lakini wapelelezi walizifuata polepole, na Februari 2022 Marekani ikakamata zaidi ya 94,000. Siwaonei huruma wezi, ila nyayo zako na zangu ziko kwenye daftari hilohilo.

Nafanya kazi za kuchora kwa wateja wa mtandaoni na nimebandika anwani yangu ya Bitcoin kwenye wasifu wangu. Mteja mmoja amekataa kuniongezea malipo, akasema "naona unazo za kutosha". Amejuaje?

Ameifungua hiyo anwani kwenye tovuti ya kutazamia miamala, basi. Haikuhitaji ujuzi wowote. Na mimi sina haki ya kukucheka: niliwahi kumtumia rafiki kiungo cha muamala kumthibitishia kwamba nimeshamlipa, jioni akaniuliza kama kweli mwenye salio lile bado anakopa nauli.

Dawa ya kwanza ni ya zamani kuliko sarafu yenyewe. Waraka wa 2008 wa Satoshi Nakamoto, mwanzilishi wa Bitcoin, ulishauri kila muamala uwe na funguo zake mpya, na anwani hutokana na funguo hizo. Pochi nyingi za Bitcoin hukutolea anwani mpya kila unapobonyeza "pokea", na zote hufunguliwa kwa maneno yaleyale ya siri. Mpe kila mteja ya kwake. Ile ya kwenye wasifu iondoe, ingawa yaliyokwishaandikwa chini yake hayafutiki. Na mtu akikuomba ule ufunguo mkuu wa umma wa pochi yako, kataa. Haumwezeshi kuiba, lakini unamwonyesha anwani zako zote, na zile ambazo bado hujazitumia.

Sasa sehemu ambayo wengi hawaijui: chenji. Bitcoin haikatwi kutoka kwenye salio kama maji ya mtungi. Inakaa kwa vipande, kama noti. Tuseme ulilipwa kipande cha 0.5, nawe unataka kununua kitu cha 0.02. Kipande chote kinatoka: 0.02 inakwenda kwa muuzaji, na kama 0.48 hivi, ukitoa ada, inakurudia kwenye anwani mpya ya pochi yako. Muuzaji anaona vyote viwili. Umemlipa kidogo huku umemfunulia kibindo.

Kinyume chake nacho kina hatari. Ukilipa kitu kikubwa, pochi inaweza kukusanya vipande vitatu kutoka kwa wateja watatu na kuvitoa kwa pamoja. Wachambuzi wa daftari huchukulia kwamba vipande vilivyotoka pamoja ni vya mtu mmoja, na mara nyingi hawakosei. Zile anwani tatu ulizohangaika kuzitenga umezifunga kamba moja kwa mkono wako. Tafuta pochi inayokuruhusu kuchagua vipande mwenyewe na kuviwekea lebo: hiki cha mteja fulani, hiki cha akiba. Kipande cha akiba kisitoke kununulia vitu vidogo vidogo.

Kama unalipwa kwa sarafu za Ethereum, mtandao mwingine wa kripto, hadithi hubadilika. Huko hakuna chenji, na watu wengi hukaa na anwani moja miaka nenda miaka rudi, wengine wakaipachika na jina la kupendeza. Angalau tenganisha: anwani ya kazi mbali, ya akiba mbali, na usihamishe moja kwa moja kutoka hii kwenda ile, maana hamisho lenyewe ndilo litakalosema ni za mtu mmoja.

Nilinunua kwenye soko lililonitaka kitambulisho na picha ya uso. Nimeshachelewa?

Kwa soko hilo, ndiyo. Linajua jina lako na anwani ya kwanza uliyohamishia sarafu zako, na likiombwa na mamlaka kwa mujibu wa sheria litatoa. Kuhamia pochi yako mwenyewe kunasaidia kwa watu wengine wote, kwa kuwa hao hawaoni vitabu vya soko. Tatizo ni pale vitabu vinapovuja. Mwaka 2020 kampuni ya Ledger, inayouza vifaa vya kutunzia funguo, ilivujiwa na majina, simu na anwani za makazi za wateja wapatao 272,000. Funguo zao hazikuguswa. Kilichojulikana ni nyumba zipi zina watu wenye kripto, na hilo mwizi halihitaji lifafanuliwe. Ukiagiza kifaa cha namna hiyo, kipokelee mahali ambapo si nyumbani kama unaweza.

Pochi yangu ni programu ya simu tu. Nayo inanipeleleza?

Si lazima ikusudie. Pochi nyingi hazibebi daftari zima, kwa hiyo kujua salio lako huiuliza seva ya mtu: "anwani hizi zina kiasi gani?" Seva hiyo imeshajua anwani zako zote ni za mtu mmoja, na imeona anwani ya IP ya simu yako, ile namba inayoitambulisha mtandaoni. Kupitisha pochi kwenye Tor, mtandao wa kuficha unakotokea, huficha hiyo IP. Tiba kamili ni kuendesha nodi yako, kompyuta inayotunza nakala ya daftari, ili pochi iulize nyumbani. Inataka diski kubwa na subira. Kwa mwenye akiba ndogo simlazimishi.

Nimepokea kiasi kidogo mno kutoka kwa nisiyemjua. Nikirudishe?

Usikiguse. Kwenye Bitcoin huenda ni chambo: kikitoka pamoja na vipande vyako vingine, aliyekutumia ameshajua kipi kinahusiana na kipi. Kiweke pembeni kwa lebo ya "usitumie".

Kwenye Ethereum kuna hila mbaya zaidi. Mtu hutengeneza anwani inayofanana na unayoitumia mara kwa mara, mwanzo uleule na mwisho uleule, kisha anakutumia kitu kidogo ili ikae kwenye orodha ya miamala yako. Siku ya siku unanakili ya kwake. Mei 2024 mtu mmoja alipoteza hivyo mali ya dola milioni 68 kwa muamala mmoja. Bahati yake, sehemu kubwa ilirudishwa. Soma na herufi za katikati.

Kwa nini nisitumie Monero tu, au vile vichanganyaji, nikapumzika?

Monero, sarafu ya faragha iliyoanza 2014, inafanya kwa chaguo-msingi yale tunayoyahangaikia juu hapa: kiasi hakionekani, mpokeaji hupata anwani ya mara moja, na mtumaji hujificha kati ya vipande 16 ambavyo 15 ni vya kupotezea. Zcash, sarafu nyingine ya aina hiyo ya 2016, nayo ina ulinzi mkali, lakini ukitumia anwani zake za wazi uko palepale pa Bitcoin. Binafsi naiona Monero imetengenezwa vizuri. Shida iko mlangoni: soko la Binance liliiondoa Februari 2024, na Umoja wa Ulaya umeshapitisha kanuni inayozuia masoko kushughulika na sarafu za aina hiyo kuanzia Julai 2027. Na kupita tu ndani yake hakutoshi: ukibadilisha bitcoin 0.731 kuwa Monero na dakika kumi baadaye ukatoa karibu hiyohiyo upande wa pili, hesabu hiyo hata mtoto anaijumlisha.

Vichanganyaji, yaani huduma zinazochanganya sarafu za watu wengi ili isijulikane ipi ni ya nani, vina mzigo wa sheria. Kimojawapo, Tornado Cash, kiliwekewa vikwazo na Marekani Agosti 2022, vikaondolewa Machi 2025. Katikati hapo waliokuwa wamekipitia kwa nia njema walijikuta wakiulizwa maswali na masoko. Soma sheria ya unakoishi kabla ya kujaribu. Na kwa yule aliyeongeza chini ya barua yake "je, na kodi?": kumficha jirani salio lako ni haki yako, kodi itangaze. Zile lebo nilizokuambia uweke kwenye vipande ndizo zitakazokurahisishia hesabu.