Kwa Unayeanza Kufuatilia Sanaa ya Kampala

Mwaka wangu wa kwanza wa kufuatilia sanaa ya Kampala niliutumia vibaya, na ningependa wewe unayeanza leo usipitie njia hiyo. Nilihudhuria kila ufunguzi wa maonyesho niliousikia, nikasalimiana na watu na kusikiliza hotuba, lakini nilipofungua daftari langu mwishoni mwa mwaka nilikuta majina ya wageni waalikwa tu, wala sikuweza kueleza hata mchoro mmoja jinsi ulivyotengenezwa. Tangu hapo nimeshika utaratibu mwingine: siku ya ufunguzi ninakwenda kumpongeza msanii, kisha ninarudi siku ya tatu au ya nne, asubuhi, ukumbi ukiwa mtupu, na ndipo ninapotazama.

Anza na kazi zilizo wazi kwa kila mpita njia. Mnara wa Uhuru ulifanywa mwaka 1962 na Gregory Maloba, Mkenya aliyesoma na kufundisha Makerere: mama aliyezongwa na vitambaa mwilini anamwinua mtoto juu. Wengi hupita hapo juu ya boda boda bila kuinua macho. Wewe simama, uizunguke sanamu pande zote, ujiulize kwa nini mwili wa mama bado umefungwa ilhali mtoto hana kitambaa hata kimoja. Kisha panda Makerere ukatazame kazi ya Francis Nnaggenda, Mhanga wa Vita, iliyochongwa kwa mti katika miaka ya 1980. Ukizitazama kazi hizi mbili kwa siku moja, utaona nchi ilivyotoka kwenye matumaini ikafikia majeraha, na hutahitaji mtu wa kukufasiria.

Makerere yenyewe yafaa uijue vyema. Shule yake ya sanaa ilichipuka kutokana na madarasa aliyoyaanzisha Margaret Trowell nyumbani kwake mwaka 1937, na sisi tunaozungumza Kiswahili tuna haki ya kuiona kuwa yetu pia, kwa kuwa Sam Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro, alisoma hapo na kufundisha hapo, kama alivyofanya Maloba wa Kenya.

Majumba ya maonyesho utayafahamu upesi: Nommo kule Nakasero, ambalo ni la taifa tangu mwaka 1964, Afriart, lililoanzishwa mwaka 2002, na kituo cha 32° East kule Kabalagala, ambacho mwaka 2012 kilianzisha tamasha la KLA ART na kuwatoa wasanii kumbini wakakutane na watu mjini.

Jambo ambalo wageni hulipuuza, nami naliona kubwa kuliko yote, ni kuzijua malighafi. Mwaka 2022 Uganda ilikuwa na banda lake kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya kimataifa ya sanaa ya Venice, Italia, ikapata sifa maalumu ya majaji kwa kazi za Acaye Kerunen na Collin Sekajugo. Kazi za Kerunen zimejengwa juu ya ususi, na huwezi kuzisoma ikiwa hujawahi kukaa na wanawake wanaosuka mikeka na vikapu, ukatofautisha kwa vidole nyuzi za migomba na ukindu. Vivyo hivyo nguo ya magome, ambayo Waganda huiita lubugo: gome la mti wa mutuba hubanduliwa, hulainishwa kwa moto au mvuke, kisha hupondwapondwa kwa nyundo za mbao mpaka litanuke, palipotoboka hushonwa kiraka, na mti wenyewe hufungwa majani ya mgomba ili uote gome jipya. Anayejua hayo, akiona mshono kwenye lubugo iliyotundikwa ukutani, hataudhania kuwa kasoro.

Ukitaka kufika kwenye karakana ya msanii, omba kwanza kwa simu, na ukifika salimu kama wenyeji wanavyosalimiana, bila haraka. Usipige picha ya kazi ambayo haijakamilika, wala usitangulize swali la bei. Akikueleza jambo kwa Kiganda, liandike neno lenyewe kama alivyolitamka, hata ukiwa na tafsiri yake, kwa maana mara nyingi fikra ya kazi imo ndani ya neno hilo.

Chagua wasanii wawili au watatu tu, uwafuate kwa miaka. Kila unapoona kazi, andika tarehe, mahali, vipimo na kilichotumika kuitengeneza. Mchongaji mmoja ninayemfuata alikuwa na sanamu ndefu, za gogo moja; mwaka wa nne daftari likanionyesha kwamba zote zilizofuata zilikuwa fupi na za kuunganishwa. Nilikuwa tayari kuandika kwamba amebadilisha mtindo. Nilipomuuliza, alinipeleka nyuma ya karakana na kunionyesha kisiki: mti wa jirani uliokuwa ukimpa magogo ulikuwa umekatwa ili kupisha ujenzi.