Kibali kwanza, pesa ya ng'ombe baadaye

Kijana mmoja wa Kaskazini Unguja kaniandikia wiki iliyopita. "Assalaam alaykum dada. Nimepata mitamba Tanga, wazuri, na bei yao nzuri. Dalali anataka nitume pesa leo kwa sababu jahazi linaondoka keshokutwa. Kasema mambo ya vibali tutamalizana huku huku bandarini. Wewe kazi hii unaijua, unanishaurije?"

Nilimjibu palepale asitume hata shilingi. Baadaye nikaona jibu lile ni fupi mno, na si yeye peke yake anayelihitaji. Kila Sikukuu ya Kuchinja ikikaribia napata ujumbe wa namna hii, wa ng'ombe, wa mbuzi, wa kondoo. Wote tunataka kitu kimoja: zizi lijae, maziwa yatoke, watoto wasome. Basi leo naandika kwa kirefu.

Naandika nikiwa na furaha, na sioni haya kuisema. Mitamba niliowavusha kutoka Tanga mara ya mwisho wamezaa, ndama wazima, na mama zao wanakamuliwa asubuhi na jioni. Hakuna aliyekufa njiani wala karantini. Watu wanaopita zizini wananiambia nina bahati. Nina bahati, alhamdulillahi, lakini pia nina faili la karatasi lililonenepa, na kila karatasi mle ndani ina sababu yake.

Kwanza lijue hili ambalo wengi hawalijui: mifugo si jambo la Muungano. Karatasi ya daktari wa mifugo wa kule Tanga au Pwani inamtoa mnyama Bara, lakini haimwingizi Zanzibar. Huku tuna Wizara yetu inayosimamia mifugo na madaktari wake, na wao ndio wanaosema mnyama gani aingie, kwa masharti gani, ashuke bandari ipi. Kwa hiyo safari inaanzia huku, si kule. Unaomba kibali cha kuingiza, unaeleza ni wanyama gani, wangapi, wanatoka wapi, wanakwenda zizi gani. Kibali kinakuja na masharti: chanjo hizi, vipimo hivi. Masharti hayo unampelekea muuzaji, naye anamwita daktari wake, wanyama wanapimwa, ndipo kinaandikwa cheti cha afya na kibali cha kusafirisha. Pesa kubwa inatoka hapo, si kabla. Kibali kwanza, pesa ya ng'ombe baadaye. Hili nitalirudia mpaka mchoke.

Sasa niseme kwa nini nalishikilia hivi, maana kuna waliozoea kuniita Bi Makaratasi.

Miaka ya nyuma nilikuwa na mbuzi wengi, wa kizungu na chotara, nimewalea mwenyewe. Jirani mmoja, sitamtaja, alishusha mbuzi usiku katika bandari bubu, akawauza sikukuu, waliobaki akawachanganya malishoni na wa wenzake. Hazikupita siku nyingi mbuzi wangu wakaanza kutoa makamasi, kwanza mepesi kama maji, kisha mazito ya manjano yanayoziba pua. Macho yakagandana. Ukiufunua mdomo unakuta ufizi una utando kama ukoko wa uji, na harufu yake sijaisahau. Halafu kuhara. Waliokuwa na mimba wakatupa. Mume wangu na vijana wa mtaani walichimba mashimo mpaka mikono ikatoka malengelenge, na mimi nilikaa chini ya mwembe nikilia kama niliyefiwa na mtu. Jirani yule mpaka leo hajaniambia pole. Tunakutana arusini, ananiuliza hali ya watoto. Nimemsamehe kwa ajili ya Mungu, lakini kuumia bado naumia, nisiwadanganye.

Zile ni dalili za sotoka ya mbuzi na kondoo. Ilithibitishwa kaskazini mwa Tanzania mwaka 2008, na mwaka 2012 ikawa imefika Komoro, nchi nzima ya visiwa, ng'ambo ya bahari. Haiwezi kuogelea. Ilipandishwa chomboni na mtu. Katika kundi ambalo halijawahi kuiona inaweza kuua mpaka mbuzi 9 katika kila 10 waliougua. Na chanjo yake ipo, nzuri, inamkinga mnyama miaka isiyopungua 3. Lakini chanjo haifanyi kazi siku ile ile. Mwili unahitaji kama wiki 2 kujenga kinga. Mbuzi aliyechomwa sindano asubuhi na kupandishwa jahazini jioni ana alama ya sindano tu, kinga hana. Ndiyo maana cheti kinaandikwa tarehe ya chanjo, na ofisa bandarini anaanza kusoma hapo.

Ukilielewa suala la siku, masharti yote yanakuwa mepesi kichwani. Kila ugonjwa una muda wa kujificha, mnyama anakula, anacheua, anang'aa, kumbe anao. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, lenye makao Paris tangu mwaka 1924, limeweka kipimo cha muda huo kwa kila ugonjwa mkubwa: midomo na miguu siku 14, sotoka ya mbuzi siku 21, mapele ngozi siku 28. Homa ya mapafu ya ng'ombe ni miezi 6. Soma tena: miezi 6! Hakuna karantini ya bandarini itakayokuonyesha ugonjwa wa miezi 6. Kwa hiyo unapoulizwa ng'ombe huyu ameishi wapi na kundi lake lina historia gani, usikasirike ukadhani ofisa anataka kitu. Jibu la swali hilo ndilo kipimo chenyewe.

Na hii ndiyo sababu mimi siendi mnadani kununua ng'ombe wa kufuga. Mnada wa Pugu unapokea ng'ombe kutoka mikoa mingi, wamepanda malori, wamekunywa maji ya mabirika mamoja, wamepumuliana. Kwa mnyama wa kuchinja kesho una hoja, ingawa naye anahitaji kibali vile vile. Kwa mtamba utakayekaa naye miaka, nunua shambani, kwa mwenye daftari la kuogesha kwa dawa ya kupe na la chanjo. Ukikuta shamba halina daftari, shukuru ukarudi nyumbani.

Vipimo navyo vina saa zake. Kipimo cha ugonjwa wa kutupa mimba nilikishuhudia kwa macho yangu na kilinifunza kuwa na subira: daktari anadondosha tone la maji ya damu kwenye kigae cheupe, anaweka pembeni tone la dawa ya rangi ya waridi, anachanganya kwa kijiti, halafu anakitikisa kigae taratibu kwa dakika 4. Likibaki laini, mtamba amefaulu mtihani. Likikatika katika vichenga vidogo vidogo, huyo hapandi chombo, hata awe mzuri namna gani. Na usisahau kuwa ugonjwa huo unampata binadamu kwa maziwa mabichi na kwa mikono inayozalisha ng'ombe. Kipimo cha kifua kikuu cha ng'ombe ndicho kirefu zaidi: ananyolewa kidogo shingoni, ngozi inapimwa unene, anachomwa sindano, kisha mnasubiri saa 72 ngozi ipimwe tena. Sasa mdogo wangu, hebu piga hesabu. Dalali wako anasema jahazi keshokutwa. Saa 72 zitatoka wapi? Chanjo ya wiki 2 zilizopita iko wapi? Hata kama si mwongo, siku hazimtoshi.

Kuna jambo la kupe ambalo linanitia hofu kuliko yote, na watu wanalipita haraka. Ndigana kali inabebwa na kupe wanaopenda kukaa masikioni. Mwaka 2003 na 2004 Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro, ilipoteza ng'ombe wengi sana kwa ugonjwa huo, na watafiti waliwashuku ng'ombe waliotoka Tanzania wakiwa wamechanjwa. Wamechanjwa, nasema! Chanjo ya ndigana kali si kama nyingine: mnyama anapewa vimelea hai pamoja na dawa ya oksitetrasaiklini inayofanya kazi kwa muda mrefu, anaugua kidogo, anapata kinga, lakini anaweza kubaki na vimelea mwilini. Kupe akimnyonya, anavipeleka kwa mwingine asiye na kinga. Kwa hiyo cheti kizuri peke yake hakikumaliza kazi. Ilitakiwa mtu ajiulize kisiwa kinachopokea kina hali gani.

Unguja ndigana kali tunayo, na mtamba wa kizungu asiye na kinga akija huku anaweza kufa wiki chache tu baada ya kushuka. Muulize muuzaji kama amechanjwa, aoneshe kadi, na kwa kawaida huwa ana hereni yake. Na kupe wasipande chombo, iwe amechanjwa au la. Aogeshwe kabla ya safari, kisha mimi huingiza kidole ndani ya sikio, kila sikio, mpaka kwenye kona ambako dawa haifiki. Napapasa chini ya mkia, katikati ya mapaja, kwenye kiwele. Halafu tezi iliyo chini ya sikio: ikiwa imevimba na mwili una joto, safari inaahirishwa.

Vijana wengi hawajui kwamba kisiwa hiki kiliwahi kusafishwa kwa jasho. Mbung'o, nzi wanaoeneza malale ya ng'ombe, walikuwa wakitumalizia mifugo. Yakafugwa madume ya mbung'o kule Tanga, yakapigwa mionzi yasizalishe, yakamwagwa kwa ndege juu ya Unguja, zaidi ya milioni 8, na mbung'o wa mwisho wa porini akaonekana Septemba 1996. Tangu hapo tumelala usingizi. Huko ng'ambo, Saadani na kwingineko, mbung'o wangali wapo. Lori lililopita porini likaletwa mpaka gatini likiwa na nzi ndani, chombo kikang'oa nanga hivyo hivyo, ni kazi ya miaka yote ile tunaichezea. Ukishusha mnyama bandari bubu usidhani umemkwepa ofisa tu. Umemdhulumu mjane mwenye ng'ombe mmoja, na dhuluma hiyo utaulizwa.

Safari yenyewe haina maneno mengi. Nyasi au mchanga sakafuni wasiteleze, kivuli, maji kabla na baada, mwenye mimba kubwa abaki.

Karantini ndipo watu wanapokosa uvumilivu. Anashusha ng'ombe, jioni anataka kuwaonesha wageni. Tenga bajeti ya majani na maji kwa muda wote ambao daktari atakuandikia, na uiandike katika gharama za ununuzi tangu siku ya kwanza, si kuanza kukopa wakati ng'ombe wamefungiwa. Mimi pia huwaweka peke yao nikiwafikisha nyumbani, hata wakiwa wameruhusiwa: ndoo yao, kamba yao, na anayewahudumia anakuja kwao mwisho baada ya kumaliza wa zamani. Joto napima asubuhi na jioni na kuandika. Ng'ombe anayefika nyuzi 39.5 akiwa kivulini, simu kwa daktari, bila kungoja akatae kula. Na akifa mnyama, usimchune, usimgawe nyama. Mwache daktari aje kwanza, kwa sababu kimeta hakina huruma na anayeshika kisu.

Mdogo wangu, nirudi kwako. Mwambie dalali akupe namba ya mwenye shamba. Akikataa, umeshapata jibu lako. Akikupa, muulize mwenye shamba mambo haya: mitamba wamezaliwa hapo hapo au wamenunuliwa? Walichanjwa nini, tarehe ngapi? Wanaogeshwa kila baada ya siku ngapi, na kwa dawa gani? Daktari wake ni nani, na yuko tayari kusubiri vipimo? Akikujibu kwa tarehe, nenda kaombe kibali chako, na umpe malipo kidogo ya kukushikia, kwa maandishi. Akikujibu "hawa wazima, we waone tu picha", mwache. Tanga ina mitamba wengi, na jahazi la keshokutwa si la mwisho.