Mgongo unauma, mkojo wa nini tena?

SWALI: Dokta shikamoo. Niko Nkuhungu hapa Dodoma. Bamdogo wangu analima zabibu Hombolo, mgongo unamsumbua toka mwaka jana, damu nayo iko chini, sasa kaambiwa akusanye mkojo wa masaa 24 eti wanatafuta protini ya kansa. Mbona ulishapimwa kwa kijiti wakasema hamna protini? Au ndo tunaliwa hela?

JIBU: Marahaba. Hapana, hamliwi hela. Kile kijiti kinashika zaidi albumini, yaani protini ya kawaida ya damu. Hii wanayoitafuta, protini ya Bence Jones, kinaweza kuipita kabisa kikaonesha mkojo safi.

Kisa cha protini hii ni cha zamani kweli. Mwaka 1845 London kulikuwa na muuza vyakula wa miaka 45 hivi, mifupa inamuuma balaa, na mkojo wake una vituko: ukichemshwa na kutiwa asidi unang'aa kama hamna kitu, ukipoa unaganda, ukipashwa tena unayeyuka. Madaktari wake, Macintyre na Watson, wakachanganyikiwa, mkojo ukapelekwa kwa daktari Henry Bence Jones wa hospitali ya St George's pamoja na barua fupi ya tarehe 1 Novemba inayoishia kwa kuuliza, hiki ni kitu gani? Mgonjwa akafariki 1 Januari 1846, wakakuta mbavu zimelainika mno. Protini ikabaki na jina la Bence Jones, japo walioshtuka mwanzo ni hao wengine, ndo dunia hiyo.

Ute wa yai ukishaiva ndo basi, haurudi kuwa maji. Protini hii sasa inaganda kwenye nyuzi 40 hadi 60, ikikaribia 100 inapotea, ikipoa hiyo imerudi! Miaka na miaka maabara walipima hivyo hivyo kwa kuchemsha, na ni 1962 tu ndo watafiti Edelman na Gally wakaonesha kwamba ni vipande vya kingamwili, vile vyepesi, vinavyomwagwa na seli zilizoharibika kwenye uboho, ni vidogo kwahiyo figo zinavichuja vinatokea kwenye mkojo. Kansa hiyo inaitwa mayeloma. Siku hizi hawachemshi, wanatumia elektroforesi, yaani kutenganisha protini kwa umeme, na vipande hivyo vinapimwa hata kwenye damu.

Sio kila mgongo ni mayeloma, wengi ni jembe tu, ila mgongo usiopoa pamoja na damu kupungua, hapo daktari kafanya sawa kabisa. Bamdogo akusanye mkojo wote, hata wa usiku, na kama anameza diklofenaki za dukani, zile dawa za maumivu, aziache kwanza aongee na daktari wake, maana kama ni mayeloma kweli zitamalizia figo.